Waya wa Pili

Jirani yetu wa chumba cha chini, hapa Saskatoon, ana kompyuta yenye ubavu wa kioo ili sote tuione kadi yake ya michoro, ile inayochora picha za gemu, ikimetameta kwa taa za zambarau. Huifuta kwa kitambaa cha miwani, kwa ncha za vidole, midomo ameibenua kama anayempangusa mtoto mchanga uso. Kila Jumamosi mchana nyumba nzima tunacheza gemu pamoja, na kila vita vikichacha skrini yake inazimika, sisi tunachinjwa kama kuku. Hapo huanza kutafuta mchawi: mara programu ya kadi, mara waliotunga gemu ni wavivu, mara umeme wa mwenye nyumba. Ukimuuliza swali, hufumba macho kwanza, kama daktari bingwa aliyesumbuliwa na mgonjwa mjinga.

Jumamosi iliyopita mwenzetu Ingrid, amechoka kuuawa, alishuka akafungua kile kioo. "We bwana, kadi ina matundu mawili ya umeme, umeyalisha yote mawili kwa waya mmoja wenye ncha mbili! Wa pili uko wapi?"

"Kabatini," akajibu bila haya. "Unaharibu mandhari."

Ingrid akauchomeka. Tukacheza mpaka jioni, skrini haikuzimika hata mara moja, tukashinda. Mwenye kompyuta hakushangilia. Alikuwa amepiga magoti mbele ya kioo, akiukodolea macho ule waya kana kwamba ni nzi aliyetua kwenye keki ya harusi, vidole vikimwasha kuung'oa.

Leo tumeanza tena. Vita vimechacha, skrini yake imezimika, na sauti ya bingwa inapanda ngazi:

"Jamani, nani amewasha jiko huko juu?"