Kiti cha Ndege Isiyokwenda Vitani

Mwaka 2017 nilikuwa na karakana ndogo katika mtaa wa Troyeville, chumba kimoja chenye mlango wa bati, nikishona viti vya magari na makochi. Asubuhi moja akaingia mzee wa Kizungu, mrefu, ameshika kipande cha ngozi kilichochakaa. Akauliza kama naweza kupata inayofanana nayo. Nikasema naweza. Akauliza kama naogopa ndege.

"Za kupanda au za mabomu?"

Akacheka, akidhani natania. Mimi ni mtu wa Kivu, sikuwa natania.

Ndege yenyewe ilikuwa bandani, kwenye kiwanja kidogo cha ndege mashariki mwa jiji. Ilikuwa ya kijeshi, ya majaribio, na iliundwa moja tu. Mzee alikuwa kijana fundi mitambo walipoiunda, enzi za serikali ile ya ubaguzi wa rangi. Iliruka mara chache, kisha vita vya mpakani vikaisha, mradi ukafungwa, ikafunikwa turubai miaka na miaka. Sasa yeye na wastaafu wenzake walikuwa wakiitengeneza ili watu waje kuitazama.

"Haijapigana hata siku moja," aliniambia, akiipapasa ubavuni kama anayepapasa ng'ombe. "Haijaua mtu."

Maneno hayo ndiyo yaliyonifanya nikubali. Mke wangu nilipomsimulia alisonya tu, akaendelea kusonga bugali.

Kazi yangu ilikuwa kiti cha rubani. Boliti zake zilishika kutu, hakikutoka, ikabidi nishonee mle mle ndani. Mzee alisema kila kitu cha hatari kilishaondolewa zamani. Makaratasi yalionyesha hivyo. Katikati ya magoti palikuwa na kishikio cha rangi ya njano na nyeusi, kimepitishwa pini yenye utepe mwekundu uliopauka. Nilikuwa nimeambiwa nibadilishe vitambaa vyote. Basi nikachomoa ile pini, nikaitia mfukoni, nikaenda nayo nyumbani kuishonea utepe mpya.

Kesho yake nilikaa kwenye kiti kile kutwa nzima. Nilitundika mkasi wangu kwenye kishikio. Mchana ngozi ilikataa kupita chini yake, nikakishika kwa mikono miwili nikakivuta. Hakikusogea. Nikavuta tena kwa nguvu zaidi. Nikakiacha, nikaikata ngozi kwa pembeni.

Siku ya tatu nilimkuta mzee chini ya ngazi ya ndege. Nikampa pini, utepe wake mpya unang'aa. Nilitegemea atasifu mshono.

"Hii umeitoa wapi?"

"Pale kitini."

"Lini?"

"Juzi."

"Na jana ulikuwa unafanyia kazi wapi?"

"Humo humo ndani."

Uso wake ulibadilika mbele yangu. Akaniambia nitoke, niende mbali na mlango. Kupitia mlangoni nilimwona akipanda ngazi taratibu, akiinamia ndani hadi pini ikarudi mahali pake. Alipotoka tulikaa kwenye nyasi, akanieleza. Pini hukizuia kishikio ndege ikiwa chini; ikiharibika angani, rubani hukivuta, na baruti iliyo nyuma ya kiti humrusha nje pamoja na kiti chake.

"Si ulisema iliondolewa?"

"Makaratasi yanasema iliondolewa."

"Wewe uliangalia?"

Akainuka kwenye nyasi.

Alimpigia simu mwenzake aliyewahi kufanya kazi na viti vya aina hiyo. Yule bwana alifika adhuhuri, akaingia peke yake, akakaa muda mrefu sana. Alipotoka alibeba bomba la chuma, nene kama gunzi la mahindi, amelishika kwa mikono miwili mbele ya kifua.

"Baruti bado nzima," akasema. "Kuna mtu aliyegusa kishikio?"

"Nilikivuta," nikasema. "Mara mbili."

Akageuka akatazama paa la banda, mabati na vyuma vyake. Na mimi nikatazama.

"Kutu," akasema kwa sauti ndogo. "Kutu tu ndiyo iliyokuzuia."

Nyumbani nilimwambia mke wangu yote.

"Baba mapacha," akasema, "tulikimbia kwa miguu mpaka mpakani, tukilala migombani kwa kuogopa ndege. Leo unaenda kujikalisha ndani yake mwenyewe?" Akaanza kucheka, na kicheko kikageuka kilio. Wiki ile sikuweza hata kutunga uzi kwenye sindano, alinitungia yeye.

Mzee alikuja Troyeville mwenyewe. Alisimama mlangoni, kofia mkononi.

"Miaka yote nimewaambia watu kwamba haijaua mtu," alisema. "Nilikuwa najivunia hilo. Nisamehe."

Mke wangu alimpa kiti na chai, kisha akasema kwa Kiswahili, "Mwambie baba huyu, aliamini karatasi, akampandisha mume wa mtu." Nikatafsiri bila kupunguza. Mzee akaitikia kwa kichwa, akanywa chai yake yote.

Nilirudi kumaliza. Safari hii walikuwa wamezikata boliti, kiti kimewekwa sakafuni, nikashona kwa siku nne, kisha wakakirudisha ndegeni. Siku ya kuonyesha ndege mke wangu alinisindikiza, lakini aliishia mlangoni mwa banda. Watu walipanga foleni kupanda kukaa kwenye kiti. Mama mmoja akamuuliza mzee kama ndege hii ilipata kuwa ya hatari.

Mzee akanitazama. Kisha akaanza kumsimulia, kwa sauti ya kusikika na wote: pini, makaratasi, baruti, na kwamba yeye ndiye aliyepaswa kuangalia na hakuangalia. Watu wawili wakajitoa, wengine wakabaki. Nikamfuata mke wangu mlangoni, tukaondoka.