Jiko la Nje ya Uzio

Mama yangu mdogo alikuwa mpishi wa shule ya msingi, na watoto walimwita Mama Mwiko. Ana mwili mkubwa na sauti ya kufukuzia kunguru, lakini mtoto akichelewa foleni, alikuta amefunikiwa sahani yake pembeni.

Miaka yote jiko lile lililishwa na mashamba ya jirani. Asubuhi ungewaona watu wakishusha maharage, viazi na mchicha mlangoni, kila mmoja akitania kwamba mzigo wake ndio mnono. Mchicha uliovunwa alfajiri, mchana uko kwenye sahani. Nani alilalamika? Hakuna.

Kisha wakubwa wa mjini wakaamua chakula cha shule zote kiletwe na mzabuni mmoja, eti kwa ajili ya ubora. Ubora gani? Maharage yenyewe yalikuwa yamekaa ghalani mpaka yamekuwa kokoto. Mama mdogo aliyachemsha tangu kulipopambazuka, kuni zikamwishia, bado yanagonga sufuria. Yaliyolainika yalinuka uvundo. Na huku nje ya uzio majirani wanawamwagia mbuzi mchicha waliokosa pa kuupeleka. Niambie, hiyo ni akili ya wapi?

Alimwendea mwalimu mkuu, akaambiwa apike tu, amri imetoka juu. Siku watoto wa darasa la kwanza walipoanza kutapika, alizima moto, akapakua sahani iliyojaa, akaiweka juu ya meza ya mkubwa wake.

"Mwalimu, kula wewe kwanza. Ukimaliza, nitawapakulia watoto."

Hakula. Alimfukuza kazi kwa utovu wa nidhamu. Aliyeleta uvundo akabaki na zabuni yake. Aliyeukataa akanyang'anywa mwiko.

Mama mdogo alilia jioni ile, akanawa uso. Kesho yake akaanza kupita nyumba kwa nyumba. Hakutaja mfadhili yeyote. Aliwaambia majirani kwamba mashamba ni yao na watoto ni wao, sasa wanamsubiri nani? Wakasimamisha kibanda cha mabati ng'ambo ya barabara. Huyu alileta maharage, yule kuni, asiye na shamba akachota maji. Kengele ya mchana ikilia, watoto wanavuka kwenda kula.

Wakubwa walikuja na gari kukifunga, wakidai hakina kibali. Waliwakuta wazazi wamejipanga mlangoni, majembe mabegani.

Mama mdogo akawauliza wakubwa, "Na ninyi, watoto wenu wanakula yale maharage?"

Waligeuza gari.

Kibanda kinapika hadi leo. Kazi yake hajarudishiwa, wala hakuna aliyemwomba radhi. Mzabuni bado analeta magunia, yanarundikwa stoo, panya wananenepa kwa kodi zetu. Mama mdogo anasema hana muda wa kinyongo. Mimi ninao.