Mawe Yaliyokataa Joto

Msiseme nilikuwa nimelewa. Sijawahi kuonja pombe, na haya yalianza mchana. Wanaonijua hapa Gakindu watawaambia mimi ni mwashi, mtu wa timazi na nyundo, si mtu wa hadithi.

Ilikuwa miaka michache baada ya uhuru, mwezi wa Julai, na baridi ya kwetu mnaijua. Mke wangu alikuwa amejifungua mtoto wa kwanza, na mtoto huyo alikuwa akikohoa tangu siku ya tatu. Nikanunua jiko la chuma, la kuni, kwa mzungu aliyekuwa akiuza vitu arudi kwao. Nyumba ilikuwa ya mbao, kwa hivyo jiko lilihitaji kukaa juu ya mawe. Nikachukua ya mtoni. Ujinga mtupu! Fundi mzima nikasahau kwamba jiwe la mto lina maji ndani. Moto ulipokolea, moja likapasuka, kipande kikapita karibu na kichwa cha mtoto.

Nilihitaji mawe yaliyozoea moto. Nikakumbuka boma moja ng'ambo ya mto, lililoachwa siku za Hali ya Hatari, watu walipofukuzwa mashambani wakarundikwa vijijini. Nyumba iliungua, majani yakaota, lakini mafiga yote matatu yalikuwa bado palepale. Kwetu mafiga ya mtu mwingine hayaguswi. Nilijua. Lakini mtoto akikohoa, nani anakumbuka mila?

Nilikuwa nimeng'oa la tatu nilipomwona mwanamke amesimama kwenye ukungu, ameshika kigae cha chungu.

"Kijana yangu, uko na moto?"

Siku hizo watu walikuwa bado wakiombana moto, kaa moja kwenye kigae, kwa hivyo sikushtuka.

"Niko nayo nyumbani, mama. Nitakuletea jioni."

"Utaleta kweli?"

"Haki ya Mungu."

Nilisema hivyo ili anipishe tu. Nikainama kupakia mawe kwenye wilibaro, nilipoinuka, hayupo. Na pale aliposimama, umande ulikuwa haujakanyagwa. Niliona hayo, na bado nikaenda zangu. Aibu ninayo mpaka leo.

Niaminini: jioni ile tulichochea jiko hadi chuma kikawa chekundu, na mawe chini yake yakabaki baridi. Umande ulikaa juu yake kama alfajiri shambani. Chumba kikawa baridi kuliko nje, na mtoto akaanza kupumua kwa shida.

Mama yangu, tuliyeishi naye, akayagusa, akauliza nimeyatoa wapi. Nilipofika kwenye habari ya kigae, akaketi sakafuni akalia. Hata siku tuliyomzika baba hakulia.

"Huyo alikuja kwetu, kule kijiji," akasema. "Amebeba mtoto mgonjwa. Ati moto tu, kaa moja. Kulikuwa na kafyu, nikaogopa askari. Nikamwambia hatuna. Na moshi alikuwa anaona."

"Na mtoto?"

"Asubuhi walizikwa wawili."

Hakungoja tushauriane. Alijaza makaa kwenye sufuria kuukuu, nami nikasukuma mawe, tukavuka daraja giza likiingia. Nikayarudisha kwenye mashimo yake. Mama akapiga magoti, akawasha na kupuliza mwenyewe.

"Nimeleta," akasema. "Nimechelewa, lakini nimeleta."

Manyunyu yalikuwa yakianguka, na moto ule haukuzimika.

Tuliporudi, mtoto alikuwa akinyonya. Siku hizi ni msichana wa darasa la saba, mwenye kelele kweli kweli. Jiko nililiweka juu ya mawe ya machimboni, niliyoyachonga mwenyewe, na linapasha joto vizuri.

Nanyi mkitafuta mawe ya jiko, ulizeni kwanza nani alipikia juu yake. Lakini hilo ni dogo. Mtu akikuomba moto, mpe, hata kama unatetemeka kwa hofu. Mama yangu aliishi miaka sita zaidi, na kila Julai alivuka mto na makaa yake. Siku ya mwisho alinishika mkono akaniuliza kama nadhani amesamehewa. Nilimpenda sana mama yangu, na Julai iliyofuata nilivuka mto na makaa mimi mwenyewe.