Kikoi Kwenye Tenga la Nguo

Mwanangu, kesho mbwa wako anapimwa kule Kinango, nami sina shaka utarudi na cheti. Kabla hujakitundika ukutani, sikiliza habari ya cheti changu.

Nilikuwa kijana bado nilipofaulu mtihani huohuo na mbwa wangu, Jemadari. Mtu alipita porini asubuhi, akaangusha kwa makusudi glavu na kipande cha ngozi. Jemadari akanusa soksi ya mtu yule, akainamisha pua, akafuata nyayo zake hadi mwisho, na kila alipokuta kitu akalala mbele yake, ishara ya kwamba amekipata. Tukapewa cheti cha mbwa mfuata harufu, na mimi nikavimba kichwa, ungedhani pua ile ni yangu.

Wiki haijaisha, tukaitwa Mwabungo. Mzee Bakari, ambaye kumbukumbu zilikuwa zimempotea, alitoka nyumbani baada ya sala ya alfajiri na hakurudi. Jua lilikuwa kali. Nilimwamkia mkewe, Bi Mwanasiti, nikamwomba nguo ya mzee ili mbwa ainuse. Aliingia ndani, akakawia kidogo, akatoka na kanzu iliyokunjwa vizuri.

"Mbwa ni najisi, baba, na hii ni kanzu yake ya Ijumaa," alisema. "Lakini shika. Nimeifukiza udi, nisije nikakupa nguo ya kutia aibu."

Hapo ndipo nilipokosea. Hata mimi nilisikia harufu ya sabuni na udi tu, ya mtu sikuisikia. Nilipaswa kumwomba nguo chafu, yenye jasho la mzee. Lakini ua ulijaa majirani, naye ni mkubwa sawa na bibi yangu, nikaona haya.

"Ahsante, bibi," nikasema.

Jemadari akanusa kanzu, akageuka, akaingia nyumbani moja kwa moja hadi chumbani, akalala mbele ya chetezo cha udi kilichokuwa bado na moto. Majirani wakaguna. Masikini, alikuwa amefanya kile hasa nilichomtuma. Nikamvuta kamba kwa hasira, nikamkemea mbele za watu, nikampeleka ufuoni kwa kubahatisha tu. Tulizunguka huko hadi magharibi.

Mzee alipatikana kesho yake kichakani, nyuma ya machimbo ya mawe, si mbali na nyumba. Alikuwa amekwisha kufa.

Nilikwenda kuhani msibani. Bi Mwanasiti aliniuliza kwa nini mbwa alikiendea chetezo, nami nikamweleza kweli yote.

"Kikoi alicholalia kilikuwa kwenye tenga la nguo, pale mlangoni," akasema. "Ungeniambia tu, baba."

Afadhali angenitukana. Jemadari alikufa zamani, cheti kililiwa na mchwa, na sauti ya mama yule ninayo hadi leo.

Basi mwanangu, ukipewa kisichofaa, sema. Sema kwa adabu, lakini sema, hata kama aliyekupa ni mkubwa wako na watu wamekukodolea macho. Haya yangu ingepita kwa dakika moja, na mzee yule huenda angerudi kwake. Na kosa likiwa lako, usimbebeshe mnyama asiye na ulimi wa kujitetea.

Nenda kapimwe. Mola akupe ujasiri wa kuuliza, na kila utakayetumwa kumtafuta, umkute bado anapumua.