Damu ya Mbuzi Mbele ya Chatu

Andika, mjukuu wangu, wala usiongeze la kwako. Vijana wa Bariadi walipokuja kutengeneza filamu ya mwanamke aliyepotea porini, waliniomba chatu ninayecheza naye ngoma baada ya mavuno, na shangazi yako, binti yangu, akakubali kuigiza. Kwa kuwa fedha za rangi ya kuigizia majeraha hazikuwepo, walimpaka damu ya mbuzi aliyechinjwa kwa chakula cha mchana. Mimi nilikuwa pembeni nikimtuliza chatu, sikuona.

Nilipomzungusha chatu mwilini mwa binti yangu, akailamba ile damu kwa ulimi, kisha akaanza kukaza. Chakula chake ni mbuzi. Mwenye kamera akanong'ona, "Safi sana, dada, hema hivyohivyo!"

Hakuwa akiigiza. Nilikimbilia mkiani, kwa maana chatu hufunguliwa kuanzia mkia.

"Mzee, toka, unaharibu picha!" mwenye kamera akafoka.

Nilifungua mkunjo mmoja baada ya mwingine, mpaka binti yangu akakohoa na kuvuta pumzi. Nikamwamuru akaoge. Chatu akabaki majanini, nami niliyemlea tangu mdogo nikashindwa kunyoosha mkono kumwinua.