Pumzi Moja, Pini Sita

Siku niliyoamua kutuliza akili ndiyo siku niliyomeza pini. Usicheke kwanza.

Mimi ni fundi cherehani. Wiki ile nilikuwa na magauni tisa ya harusi moja, usingizi wa mang'amung'amu, na moyo unaodunda hata nikiwa nimekaa.

Dada yangu, ambaye ni nesi, akaniambia, "Mdogo wangu, dakika tano tu kila siku. Kaa, acha kila kitu, sikiliza pumzi yako inavyoingia na kutoka."

"Dakika tano nazitoa wapi, dada?"

Nikajiona mjanja. Nitapumua hukohuko kazini!

Basi nimepiga magoti, nabana pindo la gauni la bibi harusi mwilini mwake, pini sita mdomoni kama kawaida yetu mafundi. Nikafumba macho. Nikavuta pumzi ndeeefu.

Kitu kikanikwaruza kooni.

Nikakohoa, nikatema pini kiganjani. Nikahesabu. Tano.

"Fundi, vipi?"

"Nimemeza pini!"

Bibi harusi akapiga ukelele kunishinda mimi.

Hospitali nilifika nimeshika koo. Kichwani nilikuwa nimeshakufa, nimeshazikwa, na magauni bado hayana pindo. Mpiga eksirei akanisimamisha kwenye mashine.

"Vuta pumzi. Shikilia. Usitikisike."

"Kaka, hiyohiyo pumzi ndiyo imenileta hapa!"

Akabonyeza kitufe.

Daktari akaitazama picha, akanitazama mimi. "Pini haimo."

Simu ikaita. Bibi harusi. "Fundi, nimeiona! Ilidondokea kwenye gauni ulipokohoa, imenichoma mguu!"

Nikainuka niondoke zangu. Kazi inanisubiri.

"Kaa chini," daktari akasema. "Nesi wa mapokezi alikupima presha ulipofika. Mia tisini kwa mia ishirini. Mama, ungeanguka palepale kwenye cherehani yako."

Nikaketi tena. Nikalia mbele za watu, wala sikuona aibu.

Siku hizi nameza dawa. Na kila asubuhi, kabla ya kugusa kitambaa, nakaa dakika tano mikono mitupu. Akili bado inazurura. Jana ilikwenda mpaka kwenye vifungo vya mteja. Nairudisha, inatoroka, nairudisha tena.

Ndugu yangu unayesoma hapa huku unafanya mambo mengine matatu, utulivu haubandikwi juu ya kazi kama kiraka. Simama kwanza.

Mimi ilibidi niogope pini ndipo nipimwe presha. Wewe usisubiri. Kapime.