Mei Mosi ya Vitenge vya Kijani

Nikisikia harufu ya kitenge kipya kinachopigwa pasi ya makaa narudi moja kwa moja Ngagara, kwenye nyumba yetu ya mjini, karitiye yaani mtaa wa tano, asubuhi ya Mei Mosi niliyotimiza miaka kumi. Mvua ilikuwa imenyesha alfajiri na ua ulikuwa bado unateleza. Mama alikuwa ameinama juu ya meza ya kulia, ananyoosha kitenge cha kijani ambacho ofisi yao nzima ilikuwa imeshona kwa ajili ya gwaride la wafanyakazi, na redio ilikuwa inazungumza kwa sauti ya chini juu ya kabati. Baba yangu, alipokuwa hai, hakutoka nyumbani kabla ya kusikia mtangazaji akieleza leo ni siku ya nini duniani, na sisi tulirithi ugonjwa huo. Asubuhi ile mtangazaji alikuwa na mzigo mzito. Alisema zamani wafanyakazi wa Chikago waligoma siku kama hiyo wakidai kufanya kazi saa nane tu kwa siku, kwamba Wakatoliki wanamkumbuka Yozefu Mfanyakazi, na kwamba Wafaransa wanapeana vijiua vyeupe kama kengele ndogo ili kutakiana heri. Mdogo wangu Fabi akauliza kama vijiua hivyo vinaliwa.

Mtangazaji hakujua kwamba kwetu siku hiyo ilikuwa na mambo mengine mawili. La kwanza ni kuzaliwa kwangu, ambako hakuna aliyekukumbuka, nami nilikuwa nimenuna barabara. La pili ni kuganduka, yaani kumaliza matanga ya baba, aliyefariki mwaka uliotangulia. Mwaka mzima hapakupigwa muziki nyumbani. Hata redio ilizimwa habari zikiisha. Tarehe aliichagua baba mkubwa, kaka yake baba, aliyekuwa akilima Muramvya, milimani. Aliona Mei Mosi ni sikukuu, watu hawaendi kazini, basi wote watafika. Kwa mkulima hesabu hiyo haikuwa na kasoro. Kwa mama ilikuwa balaa, maana hiyo ndiyo siku ambayo mtu wa ofisi hathubutu kukosa. Lazima uandamane, na mama alikuwa karani wa muda tu, anasubiri kuajiriwa moja kwa moja.

Na jamani, si kwamba angekosa kula wali tu. Kwenye kuganduka ndipo wakubwa wa ukoo hutamka, mbele ya wageni wenye vinywaji mkononi, watoto wa marehemu watakaa na nani. Likishatamkwa na watu wakanywa, limekwisha. Baba mkubwa alikuwa amesema bila kuficha kwamba mimi na Fabi tutapanda naye Muramvya. Hakuwa mtu mbaya. Alitupenda, alituletea maharage na parachichi, ila aliamini mwanamke asiye na watu wake mjini hawezi kulea. Kweli mama hakuwa na watu. Wazazi wake walikuwa wamekufa, na dada yake wa pekee aliolewa mbali, Tanzania. Jana yake niliwasikia barazani. "Upande wako nani atasema?" baba mkubwa aliuliza. Mama akajibu, "Tutaona, shemeji."

Alipomaliza kuvaa alinishika kidevu. "Wageni wakija, wape viti. Uwaambie nakuja. Na usilie mbele yao." Akatoka, viatu mkononi kwa ajili ya tope.

Wageni walifika, wakakaa chini ya turubai, mtungi wa pombe ya ndizi katikati yao. Jua likapanda. Baba mkubwa, ndani ya koti lake la Jumapili, alitazama saa, akatazama lango, halafu akanitazama mimi.

"Nadia, mutoto, mama yako iko wapi?"

"Iko kwenye defile ya wafanyakazi, baba mkubwa."

"Siku ya leo? Apana! Basi tutasema bila yeye."

Akaagiza watu wajaziwe vikombe. Nilimshika Fabi mkono kwa nguvu mpaka akalalamika. Nilikuwa na hofu ambayo sijawahi kuwa nayo tena, hata siku ya kujifungua.

Ndipo tukasikia filimbi na nyimbo. Kwenye kona walitokea watu wa kijani, mama akiwa mbele yao, wanawake kwa magauni, wanaume kwa mashati, wote kitenge kilekile, wamebeba kreti za bia na fanta wawili wawili. Kila ofisi hunywesha wafanyakazi wake baada ya gwaride, na kumbe mama alikuwa amemwomba mkubwa wao kinywaji hicho kinywewe kwetu. Baba mkubwa hakulijua hilo. Anachojua yeye, kama tujuavyo sote, ni kwamba watu wakishona kitenge kimoja na kuja kwenye shughuli, hao ni ukoo. Akaweka kikombe chini.

"Eh! Hawa wote ni wa upande wa mama Nadia?" akamuuliza jirani yetu, mama Esteri.

Mama Esteri, aliyejua kila kitu, akasema, "Si unaona kitenge?"

Watu wa kijani walikaa upande wa pili wa turubai, wakaujaza. Baba mkubwa akasimama, akavua kofia. "Wakwe zetu, karibuni. Hatukujua kama muko wengi hivi."

Mkubwa wa ofisi, mwanamke mfupi mwenye sauti ya mwalimu, alimtazama mama usoni, akaelewa. Akainuka. "Tuko wengi," alisema, "na leo wengine hawakuweza kufika." Watu wake wakajiuma midomo ili wasicheke.

Baba mkubwa akakohoa, akafika kwenye neno la watoto. Safari hii hakutamka, aliuliza. Mama akasimama, tope limemkauka mpaka kwenye magoti.

"Watoto wangu watakaa na mimi. Mi nafanya kazi. Siku nikishindwa, shemeji, nitapanda Muramvya mwenyewe kukuambia."

Baba mkubwa aliutazama upande wa kijani, akainua kikombe. "Wabaki na mama yao." Wote wakanywa. Nikalia mbele za watu, tena kwa sauti.

Alasiri, kijana mmoja alikunjua bango la gwaride, lenye jina la ofisi, ili alikalie, na baba mkubwa akalisoma polepole, herufi kwa herufi. Mama akaacha kugawa sahani. Loo, nilidhani tumekwisha! Lakini neno lilikuwa limeshanywewa, na mzee huyo alicheka mpaka akashika mbavu. "Mumenipata! Nilipaswa kujua. Ndugu wa kweli hawawezi kutembea kwa mstari hivi." Muziki ukapigwa, wa kwanza kwa mwaka mzima, na mama alicheza peku.

Siku hizi kuganduka hufanyika ukumbini, na mtu wa maikrofoni huwaharakisha wageni kwa sababu kuna harusi inasubiri. Silaumu, mjini nafasi ni ghali. Nimeishi, nimeajiriwa, nimeandamana Mei Mosi nyingi ambazo sizikumbuki. Watoto wangu huniuliza nilikulia wapi, nami nawajibu, "Ngagara, kwa mama." Wanaitikia "haya" na kuendelea kula. Kwao ni jibu la kawaida tu, na mimi huwaacha walione hivyo.